Mbuzi Mmoja

Dakika arubaini, alisema askari,
akaitazama saa yake kabla hatujashuka garini.
Mabela, saa tano za asubuhi, Agosti:
mpini wa geti ulinichoma kiganja
kama haunijui.

Ufunguo wangu haukuingia.
Kitasa kipya, cha rangi ya dhahabu, kingali na karatasi ya bei.
Akatufungulia Azzan, shemeji, kanzu imepigwa pasi,
salamu akaielekeza kwa askari.
Mwenye nyumba hayupo, amri ya hakimu imemtaka asiwepo,
ila makubadhi yake yalikuwa mlangoni
yameelekea ndani.

Askari jina lake Wadhha.
Anasoma orodha, natoa kitu, anatia alama.
Paspoti za watoto, mbili. Cherehani. Miwani.
Bangili sita: zilikuwemo nne.
Akaandika nne. Hakuuliza, na mimi sikusema.

Jikoni, kikombe chake, chai imefanya utando.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukafungua mfereji,
ukakiosha, ukakipindua juu ya kitambaa.
Miaka kumi na mmoja ya mkono.
"Hicho hakimo," alisema Wadhha.
Najua hakimo.

Mlango wa chooni bado hauna komeo.
Matundu manne ya parafujo, yamezibwa kwa dawa ya meno.
Nilipita ubavu ubavu
kama vile kuna mtu kalala.

Alipofika nambari kumi na saba akasita.
Akatoka uani, akachungulia nyuma ya tangi la maji,
nyuma ya kiyoyozi kinachodondokea ndooni,
akarudi kakunja uso:
"Yuko wapi mbuzi?"

Kosa langu. Karani aliniuliza kwa Kiarabu,
nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuazima;
nilifasiri neno nikakiacha kitu.
Mbuzi mmoja, akaandika,
pengine alimwona na ndevu zake.

"Hayuko," nikasema, kwa Kiswahili, bila kutaka. "Iko."

Azzan akacheka.
Nyumba nzima, mimi na yeye tu tulioisikia.
Akakikata kicheko katikati, akajifuta mdomo
kama aliyekutwa anakula cha mtu.

Ilikuwa nyuma ya friza, miguu imekunjwa,
meno yameshika kutu,
kibao kimeng'arishwa na makalio ya mama yangu, Wete,
na ya mama yake, ambaye simkumbuki ila kwa kibao hiki.

"Hiyo ya nyumba," alisema Azzan, sasa kwa Kiarabu.
"Sote tumekula nazi yake."
Kweli mmekula.
Ramadhani kumi na moja za tui, mkalamba na vidole,
na usiku ule nilipokupigia simu, Azzan,
ulikuwa umeshiba.
Hili nililisema moyoni. Lilikuwa halimo orodhani.

Wadhha aliipindua, akapima jino kwa kidole gumba.
"Hii si silaha?"
"Ni kiti," nikamwambia.
Akaniangalia muda mrefu kuliko dakika alizonipa.
Akatia alama.

Kwenye kopo la maziwa, dirishani, mrehani wangu
umekauka upande wa jua.
Nilivunja kijiti kimoja cha upande wa pili.
Wadhha alikuwa anatazama saa,
au alikuwa anatazama saa ili asinione.

Dereva wa pikapu, Mbaluchi, alifunga kamba bila maneno.
Geti likafungwa. Sikugeuka;
si kwa ushujaa, shingo tu iliniuma.

Sasa ni usiku, Amerat, chumba cha juu, sakafu tupu.
Watoto wamelala kichwa huku, miguu kule, godoro moja.
Kijiti kimo ndani ya chupa iliyokatwa, kinafikiri.
Nazi sina.
Nimeikunjua miguu yake, nimeikalia,
magoti juu, meno mbele yangu,
sahani tupu chini yake, kwa mazoea.